Tambi za Mama Jenerosa

Mama Filo wa kambini alinipigia simu nikiwa nimesimama juu ya sufuria ya tambi. Ilikuwa Jumamosi mchana, hapa nyumbani kwangu Area 47, Lilongwe, na binti yangu alikuwa ameagiza tambi za pakiti, zile za pilipili za Kihindi, na mayai mawili, kana kwamba mimi ni mkahawa. Nazipika vizuri, hilo silifichi. Watu wengi wanaziharibu. Wanajaza maji mpaka inakuwa supu, wanamwaga masala mwishoni, kisha wanachemsha yai pembeni na kuliweka juu kama kofia. Kitunguu ndicho kinachotangulia kwenye mafuta pamoja na pilipili mbichi iliyopasuliwa, halafu nyanya, halafu ile masala ya pakiti ikaangwe hapo hapo mpaka uanze kupiga chafya. Maji ni kikombe kimoja na nusu, si zaidi. Yai linapasuliwa wakati maji yanakaribia kukauka, linavurugwa ndani ya tambi zenyewe mpaka zinakuwa za manjano na kushikana. Nilikuwa na yai la pili mkononi simu ilipolia.

"Spesi, Mama Jenerosa ametuacha leo asubuhi," Mama Filo akasema. "Tunamuzika kesho. Ukuje, bantu banataka we njo useme neno."

Nilimwambia nitakuja, na kama watu wanataka mimi ndiye niseme neno, nitasema. Tambi zilivimba jikoni zikawa uji, na binti yangu akazila hivyo hivyo. Mama Jenerosa hakuwa mama yangu mzazi. Nilikaa kwake mwaka mmoja tu, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, na sasa nimepita arobaini. Habari za jinsi nilivyotoka Burundi na kufika Malawi nimezieleza mara nyingi mbele ya watu wenye faili na kalamu, sitazirudia hapa. Naanzia siku kanisa liliponitafutia mahali pa kulala, likasema kuna mama wa Kirundi aliyekulia Kongo, mwenye chumba kitupu. Nilijiona mwenye bahati. Dzaleka ile watu walilala sita sita katika chumba kimoja, na sikujiuliza kwa nini chumba cha mama huyu kiko kitupu.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba viwili vilivyotengwa kwa pazia la kitenge, na sakafu aliyoisiliba mwenyewe kila Jumamosi mpaka ikang'aa. Kulikuwa na benchi moja, meza moja, na mbaula, yaani jiko la mkaa, aliyoitoa nje kila jioni na kuiingiza mvua ikija. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa, na alipika maharage kwa namna ambayo harufu yake ilisimamisha wapita njia. Jioni ya kwanza alinipakulia, kisha kabla sijagusa akachukua kijiko, akachota katika sahani yangu, akatafuna polepole, akameza, akasubiri kidogo huku akinitazama. Ndipo akanisukumia sahani. Jioni ya pili vile vile, na ya tatu. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza pombe anayompa mgeni, hiyo ni adabu, kila mtu anaijua, lakini sikuwahi kuona mtu akionja maharage. Nikadhani ni mila ya kilima chao. Nilikula wiki mbili nzima, na nilinenepa.

Mama Filo ndiye aliyeniharibia. Alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, Mkongomani wa Bukavu, mwenye sauti ya kusikika mpaka upande wa pili wa kambi, na siku hiyo bombani aliishusha kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Aliniuliza kama nakula kwa Jenerosa. Nikasema ndiyo, napika naye, nakula naye. Akatazama huku na huku, akaniambia kwamba mwaka uliotangulia mwanaume mmoja alikula maharage katika nyumba ile, akaenda kwake mzima, siku ya tatu akafa ameshika tumbo. Wengine walisema marehemu alikuwa na vidonda vya tumbo miaka yote. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na kwa watu wetu, wawe wa Burundi, Rwanda au Kongo, hakuna neno zito kama hilo: murozi, mtu anayetia sumu katika chakula. Wapangaji walihama juma hilo hilo. Kwenye arusi akina mama wengine walipewa sufuria za kusimamia, yeye akapewa kuchota maji. Akipeleka chungu cha chakula msibani kilirudi kimejaa kama kilivyokwenda, na mtu aliyekirudisha alimshukuru sana.

Ningependa kusema kwamba sikuamini. Ukweli ni kwamba sikuamini na bado niliogopa, kwa sababu tumbo halisikilizi hoja. Tangu siku ile nikawa mgonjwa wa magonjwa mengi: leo kichwa, kesho kiungulia, Ijumaa nimefunga kwa maombi. Nilinunua mandazi njiani na kuyala nimesimama nyuma ya kanisa. Siku ya mgao nilianza kuweka unga wangu na maharage yangu kwenye mfuko wangu, nikasema nataka kujifunza kujitegemea. Mama Jenerosa hakuuliza lolote. Aliendelea kuonja sahani yangu kila jioni mpaka siku moja akaacha kunipakulia, akala peke yake amegeukia ukuta, nami nikakaa upande wangu wa pazia nikisikia kijiko chake kikigonga sahani. Aibu niliyoisikia siku hiyo ninayo mpaka leo.

Mwezi wangu wa tatu pale, dada mmoja wa kanisani alinipatia kibarua Lilongwe, siku mbili kwa juma, kupiga pasi katika nyumba ya Area 47. Mwenye nyumba tulimwita Madamu Shirini. Alikuwa Mhindi wa kuzaliwa Malawi, babu yake pia alizaliwa hapo, na Chichewa chake kilikuwa safi kuliko changu kwa mbali. Bwana akiwa nyumbani jikoni palipikwa wali na mchuzi saa mbili nzima. Bwana akienda dukani, Madamu alifunga mlango, akavua viatu, akajipikia tambi za pakiti. Hapo ndipo nilipojifunza. Alikuwa anaongea huku anapika, na kosa likifanyika alilaumu sufuria. Alinipa sahani yangu, tukakaa wote jikoni, machozi yakinitoka kwa pilipili, naye akacheka mpaka akashika meza. Siku moja boksi zima la tambi lililowa mvua nyuma ya duka lao. Pakiti zenyewe zilikuwa nzima, lakini boksi halikuuzika, akaniambia nichukue zote.

Nilifika nazo Dzaleka jioni, pamoja na mayai manne niliyoyabeba katika kikapu cha nguo. Mama Jenerosa alikuwa anachochea mbaula. Nilimwambia leo napika mimi, chakula cha Wahindi. Akachukua pakiti moja, akaigeuza mikononi, akapitisha kidole kwenye mshono wa juu, kisha wa chini.

"Hii imefungwa toka fabriki," akasema.

Nikasema ndiyo, mama, toka kiwandani.

"Na yai nayo, Mungu mwenyewe njo aliifunga."

Kisha akavuta kigoda mbali na moto, akakaa, akaweka mikono yake juu ya magoti mahali ambapo ningeiona muda wote. Nilikata kitunguu, nikakaanga, nikapiga chafya, nikapasua mayai mawili, na tulipoanza kula tulikula sahani moja, vijiko viwili. Alikohoa kwa pilipili mpaka nikamletea maji. Alisema inachoma lakini ni tamu, akaongeza. Ilikuwa zaidi ya miezi miwili tangu tule pamoja.

Wazo la kuuza lilikuwa lake. Lilimchukua siku kama nne, akanieleza asubuhi moja huku anafagia, kwa maneno machache kama kawaida yake: tutaweka mbaula mbele ya nyumba, kando ya njia, wazi. Mteja atapasua pakiti mwenyewe, atavunja yai mwenyewe, maji atachota bombani mwenyewe. Yeye atakoroga tu. Nilimtazama nikafikiri mwanamke huyu ana akili kuliko baraza zima la wazee. Alikata kucha zake mpaka kwenye nyama. Alikunja mikono ya blauzi mpaka juu ya kiwiko, akaweka kitambaa cheupe kichwani, akakaa kwenye kigoda kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Siku mbili hakuja mtu. Ya tatu walikuja Wamalawi wawili wa vijiji vya jirani waliokuwa wameleta nyanya sokoni, ambao hawakujua habari yoyote, wakashangaa sana kupewa pakiti na kuambiwa waipasue wenyewe. Walikula, wakasema zikomo, mayi, yaani asante mama, wakaenda zao, na juma lililofuata wakarudi wakiwa wazima. Hilo lilionekana. Kesho yake Mama Filo alitoka kwake amebeba sahani yake, uma wake, kitunguu chake, pilipili zake tatu, na chumvi yake ameifunga kwenye pindo la kitenge. Alisimama juu ya sufuria tangu mwanzo mpaka mwisho kama askari. Alipomaliza kula alipangusa midomo, akasema inachoma vizuri, na keshoye akamleta wifi yake. Baridi ya mwezi wa sita ilipoingia, ile ya wilaya yetu ya Dowa inayoingia mpaka kwenye meno, palikuwa na foleni mbele ya nyumba ambayo hakuna mtu aliyekuwa anakanyaga mlango wake. Nilisikia vicheko pale. Nilimwona Mama Jenerosa akiambiwa habari za arusi na za watoto, akiulizwa maoni yake, mwiko mkononi, na nilifurahi kama vile ni mimi niliyebuni.

Lakini alikuwa mpishi, na hilo ndilo lililomsumbua. Siku moja, kwa mazoea tu ya mkono, alichomoa kikaratasi cha binzari kiunoni akanyunyiza kidogo kwenye sufuria ya mwanaume mmoja, fundi viatu, mtu aliyekuwa anakuja kila juma. Fundi alisimama. Hakutukana wala kupaza sauti. Alichukua sufuria kwa kitambaa, akaenda mpaka kwenye mfereji, akaimwaga yote na mayai yake mawili, akairudisha, akashukuru. Foleni nzima iliona. Mama Jenerosa akachukua kile kikaratasi akakitia motoni mbele yao, akasema nani anafuata. Hakuongeza tena hata punje ya kitu chochote kwenye sufuria ya mtu.

Mchana huo tulikuwa tunasugua sufuria nyuma ya nyumba kwa majivu. Nilitaka kumpa moyo, nikamwambia hata hivyo watu bado wanakuja.

"Banakuja ju ya pakiti," akasema. "Ile si kupika, Spesi. Mi nachemushaka maji ya bantu. Mi nataka mutu mumoja tu akule kintu yenye nimepika na hii mikono. Mumoja. Kisha nikufe muzuri."

Hakunitazama aliposema hivyo, na afadhali angenitazama. Nikamwambia siku moja nitakula tena maharage yako, mama. Akajibu kwamba atanisubiri. Na kila juma lililofuata nilijiambia ni juma hili. Nilikuwa nimekaa naye miezi minane, kisha tisa, nalala hatua nne kutoka kwake, namwona akiombea watu waliokuwa wanamwaga chakula chake, na bado alipoinua mwiko wa maharage jioni mkono wangu ulikwenda kwenye pakiti. Hakuna mtu aliyenizuia. Kambi nzima ilikuwa na kisingizio cha kutomjua, mimi sikuwa nacho.

Mwaka ulipokaribia kuisha nilipata kazi ya kudumu. Nilikuwa nimejifunza cherehani kambini, na jamaa wa Madamu Shirini alikuwa na chumba cha kushonea sare za shule huko huko Area 47. Kibali cha kuishi nje ya kambi kilitoka. Asubuhi ya kuondoka niliamshwa na harufu ya maharage. Mama Jenerosa alikuwa ameyaweka motoni kabla ya mapambazuko, kwa mawese ya Wakongomani na kitunguu kingi, na alikuwa ameyafunga katika bakuli la plastiki lenye mfuniko, juu yake kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Alifungua mfuniko kidogo mbele yangu, akaonja vijiko viwili vya juu, akameza, akafunga.

"Kula kidogo mbele ya kuenda," akasema.

Mwenye kabaza, baiskeli ya kukodi, alikuwa nje anapiga kengele. Nikasema ananisubiri, mama, nitakula njiani. Akasema sawa, akanishika mashavu kwa mikono yake mikubwa, akaniombea, akanisindikiza mpaka kwenye kona.

Pale barabara kuu nilisubiri gari karibu saa nzima, bakuli likiwa magotini, bado la moto. Njaa ilikuwa inaniuma. Nilifungua mfuniko mara moja nikanusa, nikafunga. Nilijiambia maneno yote mazuri ninayoyajua. Kisha nikasimama, nikaenda nyuma ya maduka kwenye choo cha shimo, nikainamisha bakuli nikiwa nimegeuza uso. Nilisikia maharage yakiteleza, halafu vitu viwili vizito vikidondoka kimoja baada ya kingine, nikadhani ni viazi. Niliosha bakuli bombani kwa mchanga, nikalikausha kwa sketi yangu. Jumapili nililirudisha kwa mkono wa dada wa kanisani, na kitambaa nimekipiga pasi, na ujumbe kwamba nimekula yote, yalikuwa matamu sana.

Siku chache baadaye alinipigia kwa simu ya Mama Filo. Alikuwa hapendi simu, aliongea kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Aliniuliza kama ni kweli nilikula. Nikasema yote, mama.

"Na mayai?"

"Mayai gani?"

Nilisikia kuku wa Mama Filo. Hapo ndipo nilipoelewa vile vitu viwili vilivyodondoka vilikuwa nini: mayai ya kuchemsha, aliyoyaficha chini yakiwa na maganda yake, kwa ajili ya mtu asiyeweza kula maharage.

"Bure tu," akasema. "Nachanganyaka siku. Ukae muzuri, mutoto wangu."

Nilimtembelea mara nyingi katika miaka iliyofuata, na kila mara nilibeba pakiti za tambi, nikapika mimi, tukala sahani moja. Hakuniwekea tena maharage mbele yangu. Niliona kwamba watu wameanza kula kwake, kwamba amerudishiwa sufuria za arusi, kwamba Mama Filo anaingia na kijiko na kujichotea bila kuuliza. Nilifikiri ni muda tu umefanya kazi yake, watu wamechoka kuogopa. Sikuuliza, kwa sababu niliogopa habari ya bakuli lile isije ikaguswa.

Jumapili ya mazishi uwanja ulikuwa umejaa. Nilihesabu masufuria saba, na akina mama waliokuwa wanayasimamia walikuwa wanabishana kuhusu namna Jenerosa alivyokuwa anaunga maharage, kila mmoja akidai yeye ndiye aliyefundishwa vizuri. Tulipotoka makaburini Mama Filo alisimama katikati, mzee sasa, mwembamba, sauti ile ile. Aliwaambia vijana wasiojua kwamba zamani katika nyumba hii hapakuliwa chakula, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kusambaza yale maneno, na anaomba msamaha mbele ya wote. Kisha akanionyesha kwa kidole. Akasema siku moja Jenerosa aliingia nyumbani kwake na bakuli tupu mkononi.

"Akaniambia: Spesi amekula yote, hata mayai mbili yenye nilimufichia chini. Amekula, na iko muzima, iko Lilongwe anashona. We unaogopa nini? Basi mi nikasikia haya. Siku ile ile nikakula kwake, na bengine bakanifuata. Huyu mutoto njo alitufungulia mulango."

Watu wote wakanigeukia. Wengine walikuwa wanatabasamu, na mama mmoja nisiyemjua alinishika mkono akaubana. Kwa hiyo alijua. Alijua tangu lile swali langu kwenye simu, na bado akaenda kwa Mama Filo amebeba lile bakuli, akasema nimekula. Katika uwanja ule hapakuwa na mtu mzima aliyelisikia lile neno la sumu na asirudi kula maharage yake, isipokuwa mimi. Nilisikia aibu, na chini ya aibu upendo mkubwa niliochelewa kuupa jina. Mama Filo akaniita niseme.

Nikasimama.

"Njo vile," nikasema. "Nilikula yote. Na mayai pia."